Ngolo Mwandu, Aliyepokea Mahari Akitafutwa

Ndugu katekista, mwenyekiti wa kitongoji, wazee wa ukoo, majirani wa Usevya na wageni mliotoka Mpanda mjini, pamoja na nyie askari mliosimama kwa nyuma kwenye kivuli cha gari lenu, familia inawasalimu nyote, na inawaomba mtulie mlipo, kwa sababu leo Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, tunamzika mtu ambaye kila mmoja hapa ana habari zake, wapo walioishi kwa hela yake, wapo walioharibikiwa kwa pombe yake, na wapo waliolipwa mshahara kwa kumtafuta. Hizi zitakazosomwa ni habari za nyumbani. Zimeandikwa na mdogo wake marehemu, Makoye Mwandu, ambaye ndiye msomaji, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na tisa, na mwenye kukasirika hapa akasirike tu, ila tarehe zote ni sahihi.

Marehemu Ngolo Mwandu, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mwandu na marehemu Mama Nyanzala, alizaliwa tarehe 9 Julai 1969 huko Maswa, na mwaka 1982, akiwa na miaka kumi na mitatu, alishika fimbo akaswaga ng'ombe wa nyumbani pamoja na baba yake, kwa miguu, karibu miezi miwili njiani, mpaka hapa Usevya, ambako baba alikuwa ameambiwa kuwa majani ni mengi na watu ni wachache, na yote mawili yalikuwa kweli, ila hakuna aliyemtajia mbung'o. Kufikia masika ya mwaka 1985 zizi lilikuwa limebaki na samadi kavu, Mzee Mwandu akawa mtu wa kushinda kwenye kigoda akitazama lango lisilopitwa na kitu, na marehemu, ambaye alimjua kila ng'ombe kwa jina na kwa tabia, hakuzungumzia ng'ombe tena mbele za watu kwa miaka mingi sana.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi na kuishia darasa la sita mwaka huo huo wa 1985, siyo kwa uzito wa kichwa, maana hesabu alikuwa akimsahihisha mwalimu, bali kwa sababu Mama Nyanzala alikuwa ameanza kupika gongo nyuma ya nyumba ili watoto wale, akahitaji mtu wa kuchota maji na kusomba kuni. Tarehe 3 Oktoba 1986 askari walikuja, wakamwaga machicha, na badala ya kufunga ushahidi wao kwenye baiskeli walizokuja nazo, wakambebesha mama pipa la mtambo kichwani, likiwa bado la moto, wakampitisha katikati ya soko siku ya soko mpaka ofisi ya kata, huku wakimwamuru aimbe, naye akaimba. Alifungwa miezi minane, akarudi akikohoa, akafariki mwaka 1988. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo marehemu alipoharibika, lakini familia haitaki kumpa kisingizio hicho, kwa sababu msomaji naye alikuwepo, akiwa na miaka kumi na minne, alitembea nyuma ya pipa lile lile, na yeye alikwenda kuwa mwalimu.

Marehemu alianza kazi mwaka 1989 kama kuli katika stesheni ya reli Mpanda, akiishi chumba cha kupanga Kawajense, akibeba magunia ya mahindi na mapipa ya asali yanayokwenda Tabora, na katika kubeba huko akagundua jambo moja, kwamba pipa la asali hakuna anayelifungua, kwa kuwa kila mtu anaogopa kunata. Mwaka 1997 aliweka mtambo wake wa kwanza porini karibu na mto Katuma, akawa ananunua asali Inyonga, anaweka dumu la gongo ndani ya pipa, anamwaga asali juu kiasi cha kiganja, anapakia kwenye behewa, na watu wakampa jina la Mzee Madumu, jina ambalo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Kufikia mwaka 2010 alikuwa na mitambo sita, na kila mpikaji kati ya mto na mjini alikuwa anapika kwa idhini yake au hapiki.

Serikali ilipopiga marufuku pombe za viroba, mwezi wa tatu mwaka 2017, wapo waliolia, lakini marehemu alichinja mbuzi. Ndani ya wiki tatu alikuwa amekwishaongea na watu wa majahazi ya dagaa kule Ikola na Karema, viroba vikaanza kuvuka ziwa ndani ya magunia ya dagaa, bei ikapanda mara nne, na mji wa Mpanda, ambao Jumapili unajaza makanisa na Ijumaa unajaza misikiti ukanywa kuliko ulivyowahi kunywa wakati pombe ni halali. Familia haimtaji mtu. Inaomba tu wale waliokuwa wanatuma watoto usiku na chupa ya soda, na ambao leo wamekaa viti vya mbele wakitikisa vichwa kwa masikitiko, wavitikise polepole.

Marehemu alikuwa mkatili, na neno hilo limeandikwa hapa kwa kalamu ya wino, baada ya mjane kulisoma na kusema libaki. Mwaka 2014 mama mmoja muuzaji wa Makanyagio, Romana, alionekana anachanganya gongo ya marehemu na maji, akaitwa, akavalishwa dumu tupu shingoni kwa kamba, akakalishwa kando ya barabara kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na bodaboda wote wa mtaa wakaagizwa wapunguze mwendo wakifika pale ili wamwone vizuri. Msomaji alikwenda kumwuliza kaka yake kama haoni anachokifanya, kama hamkumbuki mama na pipa lake, naye akajibu bila kuacha kula, "Mama alikufa siku ile? Si aliishi. Na huyu ataishi." Romana aliishi, akahama mji, na hajarudi.

Tarehe 12 Mei 2019 kikosi maalumu, ambacho familia imeona kisitajwe jina kwa kuwa kinajijua, kilivunja ghala la marehemu pale Makanyagio na kukamata mapipa arobaini. Marehemu alitoroka kupitia choo cha jirani, na akiwa porini akapiga hesabu ya nani amemchoma kwa askari, hesabu ikamwangukia dereva wake, Antoni, kwa sababu wiki ile Antoni alikuwa amenunua televisheni. Hakumpiga. Alimkalisha chini siku mbili, akamnywesha yale maji ya kwanza ya mtambo, ambayo kila mpikaji mwenye utu huyamwaga, yakiwa yamechanganywa na spiriti ya kiwandani, kikombe baada ya kikombe, huku akimwuliza swali lile lile kwa sauti ya upole, na asubuhi ya siku ya tatu Antoni akauliza mbona hakujakucha. Yupo hapa leo, ameshikwa mkono na mkewe Evaline, na aliyemkaribisha ni familia.

Mwaka uliofuata, kesi ya walinzi wa ghala ilipokuwa mahakamani, konstebo mmoja kijana, aliyelelewa kwa mfuga nyuki, alieleza jinsi ghala lilivyojulikana, kwamba alipita pale siku tatu mfululizo wakati wa jua kali, akaona mapipa arobaini ya asali na hakuna nyuki hata mmoja anayezunguka mlangoni. Basi ni hivyo tu. Hakuna aliyemchoma, televisheni ilikuwa ya mkopo wa kikundi cha mkewe, na msomaji ndiye aliyempelekea marehemu habari hiyo kule mafichoni. Marehemu akasema, "Ningeacha asali nyingi juu," akaomba chumvi. Ndugu Antoni, neno la pole halikutoka kinywani mwake, na familia haiwezi kukutungia la uongo mbele ya jeneza.

Kuanzia Juni 2019 marehemu alikuwa na hati ya kukamatwa, na kwa miaka sita kikosi kilimtafuta kwa pikipiki, kwa boti na kwa simu, kikamkosa kwa dakika chache kule Karema, kikamkosa tena kwenye kambi ya wafugaji, ambako kilichoma mahema kumi na moja ya watu wasiohusika, na kikamweka ndani mkewe siku kumi na tisa ili yeye ajitokeze, asijitokeze. Hakulala sehemu moja zaidi ya usiku mmoja. Mzee Mwandu alipofariki, tarehe 6 Februari 2021, mtoto wake wa kwanza hakuja kumwaga udongo, na wazee wakalazimika kumpa koleo mdogo mtu, jambo ambalo kwetu halisahauliki, na ambalo marehemu alilisema mara kwa mara, akilisema kama mtu anayeuma kidole chake mwenyewe.

Kuhusu ndoa, marehemu alimwoa Suzana mwaka 1999, au tuseme alimtorosha, maana zizi lilikuwa tupu na wakwe walikuwa wanataka ng'ombe. Mwaka 2005, mambo yalipomnyookea, alipeleka kwa baba mkwe mfuko wa noti, baba mkwe akautazama, akaurudisha kwa mguu, akasema binti yake hataolewa kwa dumu, na akafa na msimamo huo. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na sita, katika kila msiba, kila ugomvi na kila kikao, upande ule wakikosa la kusema waliuliza zizi letu liko wapi, na marehemu, aliyetisha mkoa mzima, alikuwa anainamisha kichwa. Mjane yupo, amekubali haya yasomwe.

Mungu aliwajalia watoto watatu, wawili walifariki wachanga, akabaki Minza, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 2001, akasoma mpaka kidato cha nne, akajifunza ushonaji, akafungua chumba chake cha cherehani Makanyagio bila kuchukua hata senti ya baba yake. Huyo ndiye aliyekuwa jicho la marehemu. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka duniani, na kila aliyefika mafichoni alikisikia, kwamba Minza asitoke nyumbani kama mama yake alivyotoka, atoke kwa ng'ombe, ng'ombe wanaotembea, waingie zizi la Mzee Mwandu hapa Usevya mchana kweupe, na awapokee yeye kwa mkono wake.

Mwezi Novemba 2023 aliingia kwenye chumba cha cherehani kijana mmoja mtulivu aliyejiita Kassiani, mnunuzi wa ng'ombe minadani, akiwa na suruali iliyoharibika zipu. Suruali ilitengenezwa, akarudi na shati, kisha na koti, kisha bila nguo yoyote ya kushona. Kwa miezi ishirini alikula kwa Suzana, alimpeleka hospitali presha ilipopanda, alikaa naye foleni tangu asubuhi akimpepea kwa cheti chake, alibadilisha bati la choo, alijifunza kuitikia salamu za Kisukuma vibaya mpaka wote tunacheka, na hakuuliza hata siku moja marehemu yuko wapi. Hilo la kutouliza ndilo lilitufanya tumpende. Minza, ambaye alikuwa amekataa wachumba watatu, alianza kuimba akiwa kwenye cherehani.

Mwezi Mei mwaka huu Kassiani alileta mshenga. Msomaji alikwenda kwa marehemu, kwenye kambi ya wavuvi kusini ya Ikola, akamweleza, na marehemu hakuuliza kabila, dini wala umri. Aliuliza, "Anazo ng'ombe?" Akajibiwa anasema anazo. "Za miguu, siyo za kwenye simu?" Akajibiwa za miguu, kumi na nane. Msomaji alimwambia wazi kwamba akikanyaga Usevya atakamatwa, kwamba baba mdogo anaweza kupokea kwa niaba, kwamba ndivyo ilivyofanyika msibani, na hapo ndipo alipokosea, kwa kuutaja msiba. Marehemu alisimama. "Baba nilimkosa," alisema. "Hii sikosi. Nyie nendeni mkaangalie ukoo wa huyo kijana, mengine niachieni."

Kwetu hakuna binti anayetolewa kabla mtu wa ukoo hajakwenda kukaa nyumbani kwa mchumba, akala chakula chao, akaona wanavyoishi. Aliyekwenda ni msomaji. Alikwenda Namanyere tarehe 7 Juni, akapokelewa na mzee aliyetambulishwa kama baba mkubwa, akala ugali kwa samaki, akaonyeshwa makaburi ya babu, akalala, akarudi na kutangaza mbele ya ukoo kwamba ni watu wazuri, wana adabu, tena hawanywi. Mzee yule, tumejua Jumapili, ni askari mstaafu, na makaburi yale ni ya watu wengine. Miaka ishirini na tisa msomaji amekuwa akiwaambia watoto wasome swali mara mbili, na swali hili alilisoma mara moja. Hilo halimwachii usingizi, na amelisema hapa ili mtu mwingine asije akamsemea.

Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, saa nne asubuhi, ng'ombe kumi na nane waliingia kwa njia ya mashamba ya mpunga, wakiswagwa na wanaume tisa waliosemekana kuwa wajomba na binamu, na bwana harusi akakaa kando kwenye mkeka pamoja na rafiki zake wawili, kama inavyotakiwa. Minza alikuwa ndani na shangazi zake, amekaa kwenye ngozi, haruhusiwi kutoka. Marehemu alitokea nyuma ya ghala la mahindi, amevaa kaunda suti ya kijivu aliyoshonewa na binti yake kwa kipimo cha kukisia, ikampwaya, amekonda, mvi kichwa kizima, na watu ambao hawakumwona kwa miaka sita wakajikuta wanasimama. Alitembea moja kwa moja mpaka langoni mwa zizi, hakumsalimia mtu.

Akaanza kukagua. Alishika pembe, alifungua midomo, alipapasa mbavu, alitazama masikio yaliyokatwa alama za ukoo huu na ukoo ule, na hilo lilikuwa sawa, kwa sababu ng'ombe wa mahari huchangwa na ndugu wengi, ila kila aliyempapasa alikuwa na mbavu za kufungiwa, siyo za njaa ya kiangazi. Alipofika kwa mtamba mwekundu mwenye jicho bovu akasema huyu hapana, aondoke. Hapo kila mwenye umri wake hapa anajua kinachofuata, upande wa kijana huruka, hulalamika, hutaja babu yake aliyenunua ng'ombe huyo, hutishia kurudi na mifugo yote, na mnabishana mpaka jua linafika utosini, kwa maana mahari isiyobishaniwa ni tusi kwa binti. Mjomba mkubwa wa Kassiani alisema, "Sawa, mzee." Akamtoa.

Marehemu akamkataa wa pili, dume zuri kabisa lisilo na kasoro, akamkataa makusudi, na yule mjomba akasema tena sawa, akatazama saa. Marehemu alimgeukia mdogo wake, akainama kama anayekagua kwato, akanong'ona, "Hawa siyo watu wa ng'ombe." Msomaji alimshika mkono wa koti, akamwambia mlango wa nyuma uko wazi, pikipiki ipo, nenda, na marehemu akamtazama kwa uso ambao hakuwa nao tangu utotoni, uso wa mtu asiye na haraka. "Acha nimalize," alisema.

Ndugu waombolezaji, familia imekaa siku nne na maneno hayo mawili. Alijua. Alimtazama kijana kwenye mkeka, akajua ni nani na amekuja kufanya nini, na badala ya kukimbia akahesabu kwamba ng'ombe ni ng'ombe hata waletwe na nani, kwamba akitamka neno la kupokea mbele ya wazee wa pande mbili ndoa imefungwa, na kwamba askari yule, apende asipende, atakuwa amemwoa binti wa Mzee Madumu kwa mahari iliyoingia mchana kweupe. Aliwatisha watu maisha yake yote, na mwisho wake akamkabidhi mtoto wake mwenyewe, kwa macho makavu, mtu aliyekuja kumuua. Sijui kama ni mapenzi. Msomaji anaomba radhi, hapa hakupaswa kusema mimi.

Saa tano na nusu marehemu alisimama katikati ya zizi, akainua fimbo, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Nimepokea. Minza ni wenu." Vigelegele vikalipuka ndani ya nyumba. Akachomoa kisu kiunoni, na karatasi ya kikosi inayosema alichomoa kisu inasema kweli, maana mbuzi wa kufunga maneno alikuwa amelala miguuni pake amefungwa kamba, na kisu hicho huchomolewa na baba. Kassiani aliinuka kwenye mkeka na kufyatua mara mbili, mjomba mkubwa akafyatua mara moja. Marehemu alianguka juu ya mbuzi. Kule ndani wanawake walidhani ni fataki za vijana wa mjini, wakaendelea kupiga vigelegele, na Minza, kama alivyotusimulia, alikuwa anacheka wakati baba yake anakata roho.

Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa haipo, marehemu hakuugua hata mafua. Alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwezi mmoja na siku saba, mwili ukachukuliwa kwa uchunguzi na kurudishwa jana jioni, na jioni ya siku ya tukio lilikuja lori, ng'ombe wote kumi na nane wakapakiwa, wakiwemo wale wawili waliokataliwa, kwa maelezo kwamba ni vielelezo vya kesi nyingine, walikamatwa wakichungwa ndani ya hifadhi, na walikuwa wameazimwa kwa shughuli.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi na kuushona vizuri kuliko tulivyotegemea, kwa dereva wa gari la maiti aliyekataa malipo, kwa majirani waliochota maji na kupika siku nne mfululizo, kwa vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi ngumu ya kiangazi, na kwa katekista, aliyekubali kuja baada ya wengine kupata safari za ghafla. Inawashukuru pia wafanyakazi wenzake marehemu, wale waliokuja kwa ujasiri, ambao wengine tunaona wamesimama karibu sana na gari la askari wakizungumza nao habari za mpira bila kujuana, na inawashukuru askari kwa kuja kutusindikiza, japokuwa kazi yenu hapa imekwisha.

Kwa kawaida watu ambao marehemu amewaacha hutajwa kabla ya shukrani, lakini mpaka saa tatu asubuhi ya leo tulikuwa hatujui tuandike nini. Kwa desturi yetu neno la kupokea likishatamkwa, binti ni mke wa mtu, na hawezi kuwa huru mpaka ng'ombe warudishwe mikononi mwa mume, na ng'ombe wenyewe hatuna, wako kwenye uzio wa serikali, kwa hiyo Minza alikuwa amefungwa kwa mtu aliyemuua baba yake, na hakuna mwanaume mwingine wa ukoo wowote ambaye angemgusa. Wazee walituma mara tatu kumwita Kassiani. Leo asubuhi alikuja, amevaa sare yenye cheo cha sajenti, akaketi kwenye kigoda cha wakwe bila kuonyeshwa, akavua kofia. Wazee walimwomba jambo dogo, atamke tu kwamba amepokea ng'ombe wake, binti awe huru, aende zake. Alisema hawezi kutamka hivyo. "Sikuwa na ng'ombe," alisema. "Zile zilikuwa za serikali. Na sikuoa hapa, mimi nina mke wangu wa ndoa. Nilikuwa kazini."

Wazee walitazamana, wakaamua palepale, kwamba asiye na ng'ombe hakutoa mahari, na asiyetoa mahari hakuoa, hivyo hakuna cha kurudisha. Minza alikuwa amekaa nyuma ya mama yake. Hakulia Jumamosi, hakulia mwili ulipoletwa, na hakulia kwa uamuzi huo uliomfungua. Aliuliza swali moja, kwa sauti ndogo, "Miezi yote ile, hata siku moja?" Sajenti aliitazama kofia yake, akaivaa, akatoka, na hapo ndipo binti alipolia kilio mlichokisikia asubuhi mkadhani ni cha baba yake.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Suzana, mdogo wake mmoja, msomaji, na binti mmoja, Minza, ambaye hajaolewa.

Pumzika kwa amani, kaka Ngolo, na jambo hili la mwisho tunakuomba usilisikie.